Bomba Lililopita Chini ya Lami

Kambi ya Mafinga
9 Mei 1976

Dada Mbuke,

Mwangaluka. Nakuandikia nimejifunga blanketi mabegani kama mzee, maana baridi ya Mafinga haina adabu hata kidogo. Lakini nimeshiba na siumwi. Nyinyi je? Mayu, mama yetu, anaendeleaje na magoti yake? Shemeji Magesa amerudi na ng'ombe kutoka mbugani, au bado? Yule ndama mwekundu niliyemwacha ananyonya nadhani sasa ni mtamba. Kashindye mwambie mjomba wake amepokea picha ya tembo aliyoichora. Wenzangu wanabisha kwamba ni nguruwe, mimi namtetea.

Kazi inakwenda vizuri. Kama nilivyomwambia mayu, niko upande wa mitambo ya maji. Tuko watu sita na lori moja, tunahama kila tunapomaliza. Tulianza Iringa mjini, baada ya hapa ni Makambako, halafu Mbeya. Mkubwa wetu ni fomeni Kalinga, Mhehe wa Kihesa, mtu mzima mwenye sauti ndogo. Hagombezi mtu, ila akikutazama mara mbili ujue umekosea. Ninayelala naye hema moja ni Asukile wa Tukuyu. Huyo anaimba nyimbo za kanisani tangu tunapowasha lori asubuhi mpaka tunapokula jioni.

Likizo sijapewa. Barua zangu zipitie ofisi ya Iringa, gari la mafuta hutuletea likija.

Ndugu yako,
Malimi


Kijiji cha Ilambwa, Usangu
27 Juni 1976

Malimi,

Barua yako ilikaa shuleni wiki mbili kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa semina. Nimeisoma mwenyewe. Ndiyo, mwenyewe, usidhani nimesomewa. Darasa la watu wazima limekwisha nami nimepata cheti, na huu mwandiko unaouona unapanda na kushuka ni wangu.

Mayu yu mzima, ni hayo magoti tu. Magesa amerudi, fisi wamekula ndama wetu wawili. Mwekundu wako ana mimba. Kashindye anasema tembo wake ana mkonga na wenzako wanunue miwani.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita alisimama hapa dereva wa lori la mbao, akanunua maziwa kwangu. Akaona picha yako ukutani. Akasema, "Huyu namjua. Nimemwona Mafinga, yumo shimoni mpaka kifuani, ameshika sururu."

Mayu alikuwepo. Akasema amekufananisha, mwanawe anaendesha mitambo ya serikali.

Dereva akacheka. "Mama, mtambo wenyewe ni mikono yake."

Mayu aliingia ndani na hakutoka mpaka jua linazama.

Malimi, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Unafanya nini huko? Kama ni kuchimba, sema kuchimba. Hapa watu wananiuliza kwa nini kijana wa Bujiku ameacha zizi zima la ng'ombe akaenda kuhangaika na mahema. Nataka jibu la kuwapa, na sitaki la kubuni.

Ya kijiji ni yale yale. Mabomba ya maji yamelala shuleni, upande wetu wa chini ya barabara kuu, tangu mwaka jana. Watoto wanayakalia wakati wa mapumziko. Mfereji tumechimba wenyewe pande zote mbili za barabara, lakini maji yenyewe yako upande wa juu tu. Sisi tuliojengewa upande wa chini tunavuka na ndoo kichwani. Wanasema lami haikatwi ili bomba lipite.

Jibu nilichokuuliza.

Mbuke


Kambi ya Makambako
12 Septemba 1976

Dada yangu,

Nimechelewa kujibu. Barua yako ilinifikia Julai. Nimeibeba mfukoni mpaka imechakaa kwenye mikunjo, na kila Jumapili nilikuwa nachukua kalamu kisha naiweka. Nakupongeza kwa cheti. Mwandiko wako unasomeka kuliko wa karani wetu, na simwambii.

Nilimdanganya mayu. Sijawahi kuendesha mtambo wowote. Nilipoondoka nyumbani niliona aibu kumwambia kwamba nimeandikwa kazi ya kuchimba mashimo, maana najua kwetu anayeshika jembe la mwenzake wanamwonaje. Nikasema mitambo, naye akafurahi, nikashindwa kurudi nyuma.

Lakini sasa nitakueleza kazi yenyewe, umsomee.

Barabara kuu haikatwi kweli. Ukiikata, malori yote ya Zambia yanasimama, na kiraka hakimalizi masika mawili. Basi sisi tunapita chini yake. Tunachimba shimo refu kuliko mimi upande huu, na jingine upande ule, tunayakinga kwa mbao yasibomoke. Katika shimo la kwanza tunalaza keekee, chuma kirefu ambacho ncha yake imesokotwa kama pembe ya tandala. Wawili wanaizungusha kwa mikono, mmoja anaisukuma kwa jeki, udongo unarudi nyuma kidogo kidogo. Kila mita moja na nusu tunaunga chuma kingine. Ikitokea upande wa pili, tunavuta bomba.

Nikiwa mle, malori yanapita juu ya kichwa changu, nayasikia kifuani. Huoni unakokwenda. Una kamba, pimamaji na mkono wako, basi. Ukikosea kidogo huku, kule unatokea mbali, au unapanda juu na kuinua lami kama andazi. Tangu Julai Kalinga amenipa mimi kuiongoza. Hakusema sababu. Asukile ndiye aliyemsikia akimwambia karani, "Mkono wa huyu Msukuma unasikia udongo."

Tumevuka barabara mara kumi na nne tangu Iringa. Panda basi uje mpaka Iringa ukitazama chini njia nzima. Hutaona hata ufa mmoja wa kukuonyesha kwamba tulipita. Hilo ndilo jibu langu, wape.

Msalimie mayu. Mwambie nasikitika kwa uongo, ila kwa kazi sisikitiki.

Malimi


Kijiji cha Ilambwa
31 Oktoba 1976

Malimi,

Leo mwandiko ni wa mwalimu Alinanuswe, kwa sababu mkono wangu una kazi nyingine. Usihangaike, tuko wazima.

Nimemsomea mayu barua yako mara tatu. Mara ya kwanza alisikiliza akikanda magoti yake. Mara ya pili akauliza, "Pembe ya tandala ya kulia au ya kushoto?" Sikujua, ujibu. Mara ya tatu akachukua fimbo yake akaenda barabarani, akaigonga lami, akaikanyaga kwa kisigino, akarudi. Akasema, "Ni ngumu." Tangu siku hiyo wageni wakija huwaambia habari za keekee, na amekuongezea. Kwa mayu umeshatoboa barabara mara thelathini.

Mimi nimewajibu waliokuwa wananiuliza. Hawaulizi tena.

Nina swali moja. Hiyo keekee yenu inaweza kupita hapa kwetu? Lami yetu si pana kuliko ya huko. Nauliza tu.

Mvua bado. Mwekundu amezaa jike.

Mbuke

Ndugu Malimi, mimi Alinanuswe naongeza haya baada ya dada yako kuondoka, na akijua atanisema. Tarehe tisa alikuwa anavuka na ndoo ya maji. Lori moja lilikuwa linalipita jingine, likamgonga. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili, alilazwa siku kumi na mbili. Kashindye alikuwa hatua tatu nyuma yake, hakuguswa. Dada yako amenikataza kukuandikia. Nimeona uandikiwe.


Kambi ya Makambako
5 Desemba 1976

Dada,

Nimepata barua. Mkono wako una kazi nyingine! Mwaka huu umenigombeza kwa kuficha, nami nikakubali kosa, halafu wewe unanifanyia hivi? Usimseme mwalimu. Ukimsema nitajua, na nitakuja kukaa upande wake.

Pole, dada yangu. Pole sana.

Pembe ni ya kulia.

Nilimpa Kalinga yale maneno ya mwalimu ayasome. Alisoma, akakunja karatasi, akaniuliza, "Mabomba yamelala hapo tangu lini?"

"Zaidi ya mwaka."

"Na mfereji?"

"Wamechimba wenyewe, pande zote mbili. Kimebaki kipande cha chini ya barabara tu."

Akavaa koti lake. Tukapanda gari la mafuta mpaka Iringa. Ofisini bwana mmoja akafungua orodha, akapitisha kidole. "Kijiji hicho hakimo mwaka huu. Wala mwakani."

Kalinga akasema, "Bwana, tutapita hapo tukienda Mbeya. Tunaomba siku za kupita."

"Ngapi?"

"Sita."

"Nne. Ya tano nataka lori hilo liwe Mwanjelwa."

Kalinga akashukuru kwa sauti yake ile ndogo. Tulipofika nje akaniambia, "Kazi yenyewe ni ya siku nne. Ningeomba nne angenipa mbili." Ni mara ya kwanza kumwona akicheka.

Tutafika Februari. Nyuma ya karatasi hii nimechora mashimo mawili na vipimo vyake. Mwenyekiti awatoe watu yawe tayari kabla yetu. Na wewe usivuke. Magesa atume mtu, au avuke mwenyewe, lolote, ila wewe usivuke.

Malimi


Kambi ya Mwanjelwa, Mbeya
13 Machi 1977

Dada Mbuke,

Salamu zenu zote zimefika na mtindi pia, Asukile ameumaliza. Mkono unaendeleaje? Hapa sokoni Mwanjelwa watu ni wengi mpaka tunazungushia mashimo yetu kamba, wasije wakatumbukia na mizigo yao.

Siku nne nilikuwa karibu na mlango wako kiasi cha kusikia mbwa wenu. Nimekula ugali wako alioleta Kashindye. Nilikuja kukuamkia, ukanipa maziwa, ukasema, "Rudi kazini." Shimoni hukuja hata mara moja. Kijiji kizima kilikuja, vipofu walishikwa mikono wakaja, wewe hukuja. Basi nakueleza kama mtu aliyekuwa safarini.

Siku ya kwanza tulikwenda vizuri mpaka mita ya nne. Mita ya tano keekee ikalia, ikakataa. Jiwe. Siku ya pili tukasogeza shimo hatua tatu upande wa Mbeya, tukaanza upya. Mita ya tano, jiwe lile lile. Nadhani waliojenga barabara walilikuta, wakalifukia. Siku ya tatu asubuhi Kalinga alisimama ukingoni, mikono nyuma. Asukile hakuimba.

"Tufunge vyombo," akasema Kalinga.

Nikamwambia, "Fomeni, tulipite kwa chini."

"Chini kuna maji. Shimo litajaa."

"Tutayachota."

"Nani atachota? Sisi sita ndio tunazungusha."

Nyuma yake mayu akasema, "Ndoo tunazo." Alikuwa amekaa juu ya bomba tangu jua linachomoza, hatukumwona. Kabla hatujamjibu alishatuma watoto. Wanawake wa upande wa chini wakaja na ndoo zile zile wanazovukia, wakapanga mstari kutoka shimoni mpaka mferejini.

Kalinga akanitazama. Akanitazama tena. "Nusu mita," akasema. "Ikigonga jiwe tena, tunapakia."

Tukashusha. Maji yalikuja mpaka magotini, wanawake wakayatoa, yakaja tena, wakayatoa. Siku ya nne, saa nne asubuhi, tukafika mita ya tano. Nikasikia jiwe, lakini si mbele. Lilikuwa juu. Chuma kilikuwa kinasugua tumbo lake, na kilitaka kupanda. Kingepanda, lami ingeinuka na kazi ingekwisha hapo, na Kalinga angejibu kwa siku zile nne alizoomba. Nikamwambia Asukile azungushe taratibu kama anayebembeleza mtoto, nikalegeza jeki, nikaweka kiganja kwenye chuma, sikukitoa. Mita ya sita. Ya saba. Kule kusugua kukaisha.

Mwenzetu Jailos alikuwa shimo la pili, ameweka sikio ukutani. Tukamsikia, "Namsikia! Anakuja!" Udongo ukapasuka mbele ya uso wake, ncha ikatoka. Kalinga akashuka na kipimo. Kiganja kimoja chini ya kamba, dada. Chini ya jiwe, gizani, mita kumi na mbili, na nimekosa kwa kiganja kimoja!

Mayu akashuka ngazi na magoti yake yale, hakuna aliyeweza kumzuia. Akatazama ncha. "Ni hii tu?"

"Ni hii tu, mayu."

Akaifuta tope kwa kanga yake mpaka ikang'aa, akapanda juu.

Jioni tulivuta bomba, alfajiri tukaondoka. Sisi hatukai kuona maji. Wanaounga mabomba huja nyuma yetu, tukiwa tayari mji mwingine. Mara kumi na tisa tumevuka barabara na mimi sijaona tone. Niandikie kama yametoka. Na uniambie kwa nini hukuja.

Malimi


Kijiji cha Ilambwa
8 Mei 1977

Ndugu yangu Malimi,

Mwandiko huu ni wangu. Unapanda na kushuka kuliko wa kwanza, lakini mkono umerudi. Mayu anakusalimu na anasema ule mtindi haukuwa wa Asukile. Kashindye amekuwa wa kwanza darasani. Magesa amempa ndama wa mwekundu jina la Keekee. Nilimkataza, hakusikia.

Unauliza kwa nini sikuja. Nilikuja kila siku. Nilisimama nyuma ya nyumba ya mwalimu Alinanuswe, mahali ambapo shimo linaonekana kidogo. Nilikuona mgongo tu. Keekee ilipolia siku ya kwanza nilidhani umefukiwa, nikakaa chini kwenye majani, na mke wa mwalimu akaniletea maji.

Sikusogea, kwa sababu tangu ile siku, nikisikia lori linakuja, miguu yangu inakataa. Nilikuwa navuka kwa kushikwa mkono na Kashindye, nimefumba macho. Ndiyo, niliendelea kuvuka. Magesa yuko mbugani nusu ya mwaka, na nyumba inataka maji. Sikutaka unione nimesimama kando ya barabara natetemeka, mbele ya wenzako, wakati wewe uko chini yake umetulia. Mimi ndiye mkubwa.

Sasa ya maji. Waungaji walikuja wiki ya Pasaka. Tarehe ishirini na saba Aprili akaja mgeni kutoka wilayani kufungua bomba. Tukapiga ngoma, kwaya ya shule ikaimba. Bomba likakohoa, likatema hewa, watoto wakakimbia. Halafu maji yakaja mekundu kama chai ya rangi. Tukangoja. Yakasafika, Malimi. Yakawa meupe, yana nguvu, yakampiga mwenyekiti kwenye viatu. Mama mmoja aliyekuwa kwenye ule mstari wa ndoo aliingiza kichwa chote chini ya bomba na nguo zake.

Mgeni akasoma shukrani. Akashukuru mkoa, akashukuru wilaya, akawashukuru wataalamu na wananchi. Akakunja karatasi. Mimi nikasimama.

Mwenyekiti akanivuta kanga. "Mbuke, kaa."

"Nitakaa nikimaliza," nikamwambia. Nikamgeukia mgeni. "Ndugu mgeni, yamebaki majina sita."

Nilikuwa nayo kwenye karatasi, nimeyaandika mwenyewe, nimeyapata kwa Kashindye aliyekuwa anawapelekea chakula. Nikasoma. Kalinga wa Kihesa. Asukile wa Tukuyu. Jailos. Mika. Philbert dereva. Nikafika kwako, nikakohoa kama lile bomba, nikasema, "Malimi Bujiku, aliyeongoza keekee." Watu wakapiga makofi kwa kila jina, lakini kwa lako sikusikia makofi, kwa sababu mayu alikuwa anapiga vigelegele sikioni mwangu. Mgeni akaomba ile karatasi, akaitia mfukoni. Akasema ataipeleka ofisini. Sijui kama amefika nayo. Nilimpa, ninayo nyingine.

Wasomee wenzako barua hii. Kalinga umsomee mara mbili.

Leo ni siku ya kumi na moja sijavuka ile barabara, wala mwanangu hajaivuka.

Dada yako,
Mbuke Bujiku